Kaseti Niliyoiweka Darini

Kwetu Mlola, huku milimani Lushoto, kitu cha thamani hakikai sandukuni. Sandukuni kinaota ukungu. Mbegu ya mahindi, hati ya shamba, vyeti vya ubatizo, vyote vinapandishwa darini juu ya mafiga, moshi uvilinde. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Kwa hiyo mwaka 1999 shangazi yangu Efrazia aliponikabidhi kaseti yake akaniambia, "Anitha, nitunzie hii, nyumba yangu inavuja," sikuwaza mara mbili. Niliiviringisha kwenye kitambaa cheupe, nikaifunga na nailoni, nikapanda ngazi nikaiweka katikati ya mahindi ya mbegu. Nilijisifu, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, hapa hata panya hafiki.

Shangazi Efrazia ni dada wa baba yangu, wa mwisho kuzaliwa. Leo ana miaka sabini na minne. Ujana wake wote aliutumia kwenye kiwanda cha chai upande wa Kwamkoro, ambacho sasa kimebaki kuta na popo. Alifanya kazi chumba cha kuchekechea. Chai ikishakauka inapita kwenye machekeche makubwa yanayotikisika, jani kubwa linakwenda huku, vumbi linakwenda kule. Makelele yake siwezi kuyaeleza. Watu walisemezana kwa vidole na midomo. Shangazi alijua mashine inaumwa kwa kuiwekea kiganja. Anaweka mkono ubavuni mwa chekeche, anafumba macho, kisha anamwita fundi: "Beringi ya kushoto inalia." Fundi anafungua, na kweli.

Fundi mwenyewe ndiye aliyekuja kumwoa. Eliya, kijana wa hapahapa Mlola, mrefu, mikono haitoki girisi. Walipopata mtoto wao Zabron wakaacha kuitana majina, ikawa Mama Zabron na Baba Zabron, mpaka kifo.

Mimi nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa kukaa nao kwenye nyumba za wafanyakazi, nimsaidie shangazi kulea. Ndipo nilipoijua Kwaya ya Wafanyakazi.

Ile haikuwa kwaya ya kanisa. Ilikuwa ya kiwanda. Meneja wa wakati ule alipenda uimbaji, akasema kila Krismasi kiwanda kitoe kaseti ya nyimbo, na kila nyumba ya mfanyakazi ipewe moja pamoja na chai na sukari yake ya sikukuu. Walioimba walichaguliwa kwa sauti, dini haikuulizwa. Besi kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mansuri, mtu wa boila, lile tanuri la mvuke wa kiwanda, Mwislamu safi asiyekosa sala hata moja. Watu walimtania.

"Mansuri, wewe na Krismasi wapi na wapi?"

"Mimi naimba besi tu," alijibu. "Maneno ni ya wenyewe."

Mazoezi walifanyia ghorofani, kule majani mabichi yanakotandazwa yanyauke. Palikuwa na joto na harufu tamu, na sauti zilikaa vizuri kwa sababu majani yanameza mwangwi. Mimi nilikaa kwenye ngazi na Zabron mgongoni. Sikuruhusiwa kuimba kwani sikuwa mfanyakazi. Lakini kusikiliza nani atakukataza? Nikazishika nyimbo zote, sauti zote nne.

Kaseti ya mwaka 1984 ndiyo ninayoisema. Alikuja mtu wa kurekodi kutoka Dar es Salaam na mashine yake kwenye sanduku. Walirekodi Jumapili, mashine zimezimwa, ila boila haizimwi, hivyo ukisikiliza kaseti ile chini ya kila wimbo kuna mngurumo. Adhuhuri ikaingia, Mansuri akaomba ruhusa. Kwaya nzima ikakaa chini ikamngoja amalize kuswali, kisha wakaendelea.

Wimbo wa kwanza upande wa kwanza aliutunga Eliya mwenyewe. Ulikuwa wa maswali. Yeye peke yake anauliza, kina mama wanajibu, Mansuri na wenzake wanavuma chini.

*Nani aliamka, ninyi wa mlimani?* anauliza Eliya.

*Sisi tuliamka, tukaiona nyota,* wanajibu kina mama.

*Mlimpelekea nini, usiku wa baridi?*

*Majani mabichi na joto la jiko.*

*Na sasa mwenda wapi, kumepambazuka?*

*Twarudi kazini, naye yu pamoja nasi.*

Shangazi aliwaongoza wale kina mama, na alikuwa na tabia moja: alivuta. Neno la mwisho alilishikilia kama mtu asiyetaka kuachana na mgeni mlangoni. Sasa siku ile, mtu wa Dar amekwisha kubonyeza mashine yake na hakuna aliyejua, Eliya akageuka akasema, "Mama Zabron, leo usituvute." Watu wakacheka. Kisha akatoa sauti ya kuanzia, wakaimba. Na yule mtu wa Dar hakulikata lile neno. Likaingia kwenye kaseti. Krismasi ile kila nyumba ya wafanyakazi ilikuwa inapiga, "Mama Zabron, leo usituvute," na shangazi akipita kisimani watoto wanamrudishia. Aliona haya, ila alifurahi. Nilimwona.

Mwaka 1991 Eliya aliumwa kifua miezi mitatu akatutoka. Hakuwa mtu wa picha. Kwenye jalada la kaseti kuna kwaya nzima imesimama mbele ya kiwanda, na Eliya yuko nyuma, amefunikwa nusu ya uso na kofia ya mwenzake. Kwa hiyo kwetu sauti yake ilikuwa ndani ya kaseti ile na si mahali pengine. Shangazi alirudi Mlola, akawa anaipiga mara moja tu kwa mwaka, asubuhi ya Krismasi kabla ya ibada. Redio yake ilipokufa ndipo akaniletea nimtunzie mpaka apate nyingine. Hakupata. Miaka ikaenda. Akaniambia, "Haina neno, mwanangu. Nikijua ipo, inatosha."

Masikio yalianza kumwacha miaka kumi iliyopita. Kwanza la kushoto. Zabron, ambaye yuko Dar na familia yake, akipiga simu shangazi anaitikia "Ndiyo, ndiyo, salama," kumbe mwenzake anauliza kama mbolea ilifika. Mwaka jana mwezi wa kumi nilimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimpima muda mrefu, kisha akaniambia mimi kwa sababu shangazi hakumsikia.

"Mama, ni yale makelele ya kazini, na umri. Hakuna dawa ya kuyarudisha. Sikio la kulia limebaki na kidogo sana. Inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa wiki."

Nilimsogelea shangazi sikioni nikamwambia polepole, sikumficha. Alikunja leso yake. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama viziwi wasemavyo, chumba kizima kikageuka:

"Basi twende nyumbani ukanishushie kaseti. Nimsikie Baba Zabron kabla mlango haujafungwa."

Jioni ileile nikapanda ngazi. Mbegu tulizibadilisha kila msimu, lakini kile kifurushi nilikuwa nakisogeza tu. Nailoni ilikuwa imeyeyuka ikashikana na kitambaa, na kitambaa kilikuwa cheusi kama sufuria. Miaka ishirini na minne ya moshi wa jikoni kwangu. Nilikibandua kwa kisu. Plastiki ya kaseti ilikuwa imepinda kama jani la mgomba lililowekwa motoni.

Sikumwonyesha. Nilimwambia naipeleka Lushoto kwa fundi ipanguswe vumbi.

Fundi ni Shabani, ana kibanda chake karibu na soko, redio zimepangwa mpaka darini. Aliigeuzageuza kaseti, akainusa.

"Mama Anitha, hii mlikuwa mnaikausha?"

"Niliitunza, mwanangu."

"Wapi?"

"Darini. Kwenye mbegu."

Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha. Alifungua skrubu zake, akavuta utepe kwa kibano. Ulikatika. Akajaribu upande wa pili, ukakatika. Utepe wote ulikuwa umegandamana kitu kimoja, kama sukari guru.

"Kama ungekuwa na unyevu ningeukausha," alisema. "Kama ungekatika mara moja ningeuunga. Lakini huu umepikwa, mama. Nisamehe."

Ukungu, ambao mimi niliukimbia, yeye angeuweza.

Nilikaa kwenye benchi lake nikamwomba Mungu anionyeshe njia, na jina lililonijia ni Mansuri. Kila nyumba ya mfanyakazi si ilipewa kaseti? Wengi wameshakufa, nyumba zimehama, lakini Mansuri nilisikia yuko Mazinde, kule tambarare, kwa binti yake Hadija. Sikuwa na namba ya simu. Nilianza kuuliza, kwa huyu na yule, msikitini na sokoni. Mvua za vuli zikakata barabara yetu wiki mbili. Kila asubuhi shangazi ananiuliza, "Fundi kasemaje?" nami namsemea sikioni, "Bado kidogo." Na kila asubuhi ilinibidi nisogee karibu zaidi.

Ilipofika tarehe ishirini Desemba ndipo nilipoteremka Mazinde. Joto la kule chini lilinipokea na sweta langu la mlimani. Mansuri nilimkuta amekaa barazani, mzee mweupe kichwa kizima, lakini kifua ni kilekile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Anitha. Wa kwa Mama Zabron, kule kiwandani."

Alinitazama, midomo ikaanza kucheka kabla ya macho. "Anitha! Yule wa kutuchungulia kwenye ngazi na mtoto mgongoni! Hadija, njoo umwone mtu, leta chai. Na isiwe ile ya vifuko, usiniaibishe. Huyu amekulia kiwandani."

Tulikunywa chai. Aliuliza mmoja mmoja, nami nikawa namjibu, marehemu, marehemu, huyu hatujui aliko. Nilipomweleza habari ya masikio ya shangazi na kaseti aliacha kikombe chini.

"Ninayo," alisema.

Nikasema asante Bwana, kwa sauti.

"Ngoja usishukuru." Aliinuka kwa shida, akarudi na redio yake ya kaseti na kaseti yenyewe, jalada lake safi kabisa, Eliya na kofia ya mwenzake. "Mwaka mmoja wajukuu wangu walisoma maulidi yao ya kwanza madrasa. Nikataka niwarekodi. Kaseti tupu hazikupatikana dukani. Nikaziba vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi, kwa karatasi, nikarekodi humu. Nilijua Eliya na Mama Zabron wanayo yao, watu wote wanazo. Nilisema, hii moja ni nini?"

Alibonyeza. Kwanza mngurumo. Ile boila, jamani, niliitambua kama sauti ya mtu. Kisha Eliya, hai, karibu kabisa: "Mama Zabron, leo usituvute." Kicheko. Sauti ya kuanzia. "*Nani aliamka, ni...*" Kishindo kikapita, na watoto wakaanza kumsifu Mtume kwa sauti zao nyembamba, na hao ndio waliokuwemo mpaka mwisho wa utepe. Upande wa pili ni hivyo hivyo.

"Nilichelewa kubonyeza," alisema Mansuri. "Ndiyo maana kimebaki hicho."

Tulisikiliza tena. Mara ya tatu Mansuri aliingia na besi yake chini ya Eliya, akaendelea nayo hata Eliya alipokatika, watoto wanaimba yao na yeye yake. Kisha akaizima redio.

"Besi peke yake haisemi kitu," alisema. "Mwambie Mama Zabron anisamehe."

"Hata mimi ataniambia nini, baba? Yangu niliikausha na mahindi."

"Basi tumeshirikiana." Hakucheka. Alizungushia waya kwenye redio, akanipa vyote viwili. "Nenda navyo. Asikie hayo maneno machache. Ni yake."

Nilifika Mlola kesho yake mchana. Shangazi alikuwa jikoni kwake amenipa mgongo, anapepeta maharage. Nikaita, "Shangazi." Nikaita tena kwa nguvu. Nilimzunguka nikamsogelea sikio la kulia nikasema jina lake kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Alishtuka kuniona, akatabasamu.

"Umerudi! Usijisumbue, mwanangu. Tangu jana pamefungwa. Niliamka nikadhani jogoo amekufa. Kumbe yupo, anafungua mdomo tu."

Alisema hivyo akiendelea kupepeta.

Nilisimama na redio mkononi. Siku moja. Mvua zingekatika wiki moja mapema, au ningemkumbuka Mansuri jioni ileile ya kwanza badala ya kukimbilia kwa fundi, au ile nailoni ningeiweka popote pale isipokuwa pale. Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya maharage, na sala haikuja, isipokuwa "Bwana, Bwana."

Shangazi aliona redio. Akaweka ungo chini.

"Imepatikana?"

Nilichukua mkaa nikaandika nyuma ya kalenda, herufi kubwa: YA MANSURI.

"Yumo Baba Zabron?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Yumo, si uongo. Hapo ndipo ningeandika yaliyobaki, nafasi kwenye kalenda ilikuwepo. Sikuandika.

"Ipige."

Nikamwonyesha masikio yake. Akanipungia mkono, kama mtu anayefukuza kuku.

"Hii si mashine? Ipige."

Akaiweka redio mapajani, akaweka kiganja chake ubavuni mwake, pale sauti inapotokea, akafumba macho. Nilibonyeza. Niliona vidole vyake vinatulia.

"Boila," alisema.

Eliya akasema maneno yake. Nilimgusa bega, akafungua macho, nami nikayasema kwa midomo polepole, kama walivyosemezana wao kule kwenye machekeche: Mama Zabron, leo usituvute. Aliyasoma. Akacheka, akaziba mdomo kwa leso, kama msichana. "Mshenzi huyu," alisema. "Mbele ya watu wote."

Akafumba macho tena. Na watoto wa Mazinde wakaanza.

Shangazi alikuwa anahesabu kwa kichwa. Ilipofika pale swali la kwanza lingekwisha, akavuta pumzi akajibu: *Sisi tuliamka, tukaiona nyota.* Sauti ilikuwa ya kizee, imepanda juu ya pale panapotakiwa, kwa kuwa hakujisikia. Akanyamaza. Akangoja. Nilikuwa nahesabu naye kimoyomoyo, naujua ule wimbo, na sikumkuta amekosea hata pigo moja. Pale Eliya anapouliza, alimwachia nafasi yote. Kisha akajibu: *Majani mabichi na joto la jiko,* na neno la mwisho akalivuta, akalivuta.

Nilijaribu kumwambia kuwa Eliya hayumo tena. Nilimshika mkono ule mwingine. Akaufinya wangu ninyamaze, kwa sababu kwa hesabu yake swali la tatu lilikuwa linaanza.

Ndipo redio ikazima. Umeme wetu huo, bila habari. Kiganja chake kikajua papo hapo. Akafungua macho.

"Imesimama," alisema. "Baba Zabron hajauliza la tatu."

Nikaminya kitufe, nikaminya tena. Nikatazama taa, nikatazama waya. Yeye aliinama juu ya ile redio na mkono wake palepale, ameshikilia pumzi kwa ajili ya jibu. Basi nikauliza mimi. Nikaimba, *Na sasa mwenda wapi, kumepambazuka?* kwa sauti yangu yote, wimbo ambao sikuwahi kuruhusiwa kuuimba. Hakunisikia, wala hakuniona midomo. Alikuwa anautazama mkono wake.